Kausi Juu ya Kilwa: Rekodi 15 za Kitovu cha Galaksi

Msimu wa kusi ukishika, chagua usiku wa Julai usio na mbalamwezi, usimame ufukweni Kilwa Masoko mnamo saa nne na nusu. Geukia kusini, kisha inua uso mpaka ukaribie utosi. Kundi la nyota utakaloliona hapo wanafalaki wa pwani huliita Kausi, yaani upinde. Herufi moja tu inalitenga na kusi, upepo unaovuma chini yake. Nyota zake angavu zimejipanga kama buli la chai: mkono, kifuniko, mdomo. Njia nyeupe inayokata mbingu inaonekana kama mvuke unaofuka kutoka mdomoni mwa buli hilo. Na pale mvuke unapoanzia, nyuma ya mawingu ya vumbi ambayo jicho haliyapenyi, ndipo kilipo kitovu cha galaksi yetu, na katikati ya kitovu kuna shimo jeusi liitwalo Sagittarius A*.

Nuru ya huko hutumia miaka kama 27,000 kufika Kilwa. Hakuna atakayekwenda kuchota gesi ya huko kwenye kikombe. Kwa hiyo wanasayansi wamefanya wanachoweza: wanakijenga kitovu ndani ya kompyuta. Wanaweka nyota, gesi na shimo jeusi, wanaandika kanuni za mvutano, joto na sumaku, kisha wanaiachia saa itembee waone kitakachotokea. Kazi hiyo ndiyo uigaji.

Pwani ya Lindi, mkoa ilimo Kilwa, inaujua uigaji, ingawa kwa jina jingine. Mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania iliwaonya watu wa pwani kuhusu kimbunga Hidaya kabla hakijakaribia, kwa sababu kilikuwa kimeshaonekana kwenye hesabu za kompyuta. Mvua zake zikaja kuikata barabara kuu ya kusini wilayani Kilwa. Hesabu za upepo unaozunguka jicho la kimbunga ni ndugu wa hesabu za gesi inayozunguka shimo jeusi. Tofauti ni kwamba utabiri wa kimbunga husahihishwa kesho yake asubuhi, na ule wa kitovu cha galaksi unaweza kusubiri miaka ishirini.

Rekodi zinazofuata zimechaguliwa kwa swali hilo la usahihishaji: mfano ulisema nini, na mbingu ikajibu nini?

1. Kiti kizuri zaidi kwa bei ndogo

Kilwa Kisiwani iko karibu digrii 9 kusini mwa Ikweta, na kwa hiyo Sagittarius A* hupanda mpaka digrii 70 hivi juu ya upeo wa kusini. Mjini London hata digrii 10 haifiki. Inapita juu ya mapaa na kuzama. Kiti cha heshima kabisa kipo Afrika Kusini, jangwa la Karoo, ambako kitovu hupita karibu utosini. Huko ndiko madishi 64 ya darubini ya redio ya MeerKAT yalikopiga picha ya kitovu iliyotolewa Januari 2022, yenye viputo vya gesi, mabaki ya nyota zilizolipuka, na mamia ya nyuzi nyembamba zilizonyooshwa kwa nguvu za sumaku. Kilwa haina dishi, lakini kwa macho matupu mtu wa huku ana nafasi ambayo wataalamu wengi wa Ulaya huikatia tiketi ya ndege.

2. Neno la Kiswahili lililofika mbali zaidi

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka saba ya kujitawala, roketi iliruka kutoka San Marco, jukwaa la chuma ambalo Waitaliano walilisimamisha baharini karibu na Malindi, kwenye pwani hii hii inayoteremka mpaka Kilwa. Ilibeba setilaiti ya Marekani iliyosajiliwa kwa jina kavu la SAS-1. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo NASA, akaipa jina la siku yenyewe: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, kutazama eksirei za angani, ambazo hewa ya Dunia huzizuia zisifike chini.

Pwani ya Ikweta haikuchaguliwa kwa mandhari. Dunia inajizungusha kwa kasi kubwa zaidi hapo, kwa hiyo roketi hupata msukumo wa bure, na setilaiti inayozunguka juu ya Ikweta hukwepa eneo la mionzi mikali lililo juu ya Atlantiki ya kusini.

Uhuru ilifanya kazi mpaka Machi 1973 na kuacha orodha ya vyanzo 339. Kimoja kilikuwa Cygnus X-1. Uhuru iliona eksirei zake zikimeta na kufifia ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, dalili kwamba kinachozitoa ni kitu kidogo mno. Darubini za kawaida zikaonyesha nyota kubwa ikizungushwa kila siku 5.6 na mwenzi asiyeonekana. Maelezo yaliyobaki mezani yalikuwa haya: gesi ya nyota inanyonywa, inazunguka, inasuguana mpaka ipate joto la mamilioni ya digrii, inatoa eksirei, kisha inatumbukia. Nyota, gesi na shimo jeusi kwa mara ya kwanza walionekana wakicheza ngoma moja. Mwaka 1974 mwanafizikia Stephen Hawking aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne kwamba hilo si shimo jeusi. Mwaka 1990 akakubali ameshindwa. Riccardo Giacconi, kiongozi wa kisayansi wa Uhuru, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

3. Duara fupi zaidi kwenye daftari la Uhuru

Vyanzo vya orodha ya nne ya Uhuru bado vinaitwa kwa alama 4U, na herufi U ndiyo jina letu. Kimojawapo, 4U 1820-30, kimo ndani ya Kausi yenyewe. Ni nyota ya nyutroni na mwenzi mdogo wanaozungukana kwa sekunde 685, dakika kumi na moja na ushei. Kati ya jozi za aina hiyo, duara lao linatajwa kuwa fupi kuliko yote. Kabla chai haijapoa, wao wamemaliza "mwaka" wao.

4. Uigaji mkongwe usio na kompyuta

Mwaka 1941, Lund nchini Sweden, Erik Holmberg alitaka kujua galaksi mbili zikipitana karibu hutokea nini. Kompyuta hakuwa nayo. Akapanga mezani taa 74, taa 37 kwa kila galaksi, akachukua kifaa cha kupima mwanga. Siri yake ilikuwa hii: mwanga hufifia kwa kanuni ileile ya mvutano. Ukienda mbali mara mbili, unabaki robo. Kila mvuvi wa dagaa aliyewahi kuiacha karabai nyuma yake ameliona hilo kwa macho. Basi Holmberg alipima mwanga unaoifikia kila taa kutoka kila upande, akauchukulia kuwa ndio mvutano, akaisogeza taa hatua moja, akapima tena. Hatua kwa hatua, taa kwa taa.

Jibu alilopata lilidumu. Galaksi zinazopitana huinuliana bamvua, kama Mwezi unavyoinua maji ya Kilwa, na bamvua hiyo hula nguvu ya mwendo wao mpaka zinaweza kunasana. Kompyuta za leo zimeongeza idadi ya "taa" tu, kutoka 74 hadi mabilioni. Mantiki ni ileile.

5. Picha ya kwanza ya kitu ambacho hakijapigwa picha

Mwaka 1978 Mfaransa Jean-Pierre Luminet aliandika hesabu za nuru inayopinda kando ya shimo jeusi, akazilisha kompyuta ya IBM 7040 kwa kadi za kutoboa. Mashine ilitema namba tu. Luminet akachukua wino na karatasi, akatia nukta kwa mkono, moja moja, palipo na mwanga mwingi akizisonga. Ikatokea duara jeusi limezungukwa na sahani ya gesi iliyopinda kama kofia, upande mmoja uking'aa kuliko mwingine, kwa sababu gesi inayotujia huonekana angavu kuliko inayotukimbia. Aliitangaza mwaka 1979. Picha halisi ya shimo jeusi ilipopatikana, miaka arobaini baadaye, pete yake nayo ilikuwa na upande angavu na upande uliofifia.

6. Utabiri uliovuta subira kuliko wote

Mwaka 1988 Jack Hills wa Los Alamos, Marekani, aliiga kwa kompyuta nyota mbili zilizofungana, zikikaribia shimo jeusi la katikati ya galaksi. Mvutano wa shimo ukawararua wenza hao: mmoja alinaswa, mwingine akarushwa kama jiwe la kombeo kwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde, kasi ya kuihama galaksi moja kwa moja. Hills akasema: mkiiona nyota hata moja ya namna hiyo, mmepata ushahidi kwamba shimo lipo. Wakati huo hapakuwa na nyota hiyo popote kwenye vitabu.

Ilipatikana mwaka 2005, na Warren Brown na wenzake. Miaka kumi na saba mfano ulisimama peke yake, bila shahidi.

7. Jiwe la kombeo lenye kasi zaidi

Inayoshikilia nafasi hiyo kati ya nyota zilizothibitika kutupwa kutoka kitovuni ni S5-HVS1, iliyotangazwa mwaka 2019. Inakwenda kilomita 1,755 kwa sekunde. Kutoka Kilwa hadi Dar es Salaam, kama kilomita 300 za barabara, ingechukua chini ya theluthi moja ya sekunde. Dereva wa basi asingemaliza kupiga honi. Ukiirudisha njia yake nyuma kwa hesabu, inafika kwenye Sagittarius A*, ilikotoka karibu miaka milioni 5 iliyopita.

8. Nyota iliyochungwa kwa uvumilivu zaidi

Reinhard Genzel huko Ujerumani na Andrea Ghez huko Marekani, kila mmoja na timu yake, waliichunga nyota iitwayo S2 tangu miaka ya 1990. Inalizunguka shimo kwa miaka 16. Tarehe 19 Mei 2018 ilipita umbali mara 120 tu ya ule wa Dunia na Jua, kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7,600 kwa sekunde, na nuru yake ikabadilika rangi kama Einstein alivyosema. Kutokana na duara lake tunajua uzito wa shimo: Jua milioni 4.3. Nobel ya 2020 iliwafikia wote wawili, pamoja na Roger Penrose. Mwaka huohuo ikatangazwa S4714, nyota hafifu inayokadiriwa kufikia asilimia 8 ya kasi ya nuru. Rekodi hiyo bado inagombaniwa, maana nyota hafifu kwenye msongamano ule ni rahisi kuchanganywa.

9. Mlaji mvivu zaidi

Shimo lenye uzito wa Jua milioni 4.3 lingetarajiwa kuwa mlafi. Sagittarius A* ni kimya mno, na uigaji umesaidia kueleza sababu. Karibu yake ziko kama nyota 30 za aina ya Wolf-Rayet, kubwa na za moto, zinazotoa upepo wa gesi kwa kilomita elfu na kitu kwa sekunde. Pepo hizo hugongana kama kusi na matlai zikutane mlangoni mwa bandari, gesi inapata moto, na sehemu kubwa inakimbilia nje. Sean Ressler na wenzake waliziweka nyota hizo, kwa njia na kasi zilizopimwa, ndani ya kompyuta, na kufikia mwaka 2020 walikuwa wameifuata gesi yao mpaka ukingoni mwa shimo. Inayoingia ni kiasi kidogo, na inaburuta nguvu za sumaku nyingi kiasi kwamba sumaku yenyewe inaizuia gesi inayofuata. Vipimo vya setilaiti ya Chandra vya mwaka 2013 vilikuwa vimeshasema jambo hilo: katika gesi iliyo mikononi mwa shimo, isiyofika asilimia moja ndiyo inayomezwa.

10. Fataki zilizonyamaza kuliko zote

Desemba 2011 ilitangazwa kuwa wingu la gesi, G2, lenye uzito uliokadiriwa kuwa wa Dunia tatu, linaelekea moja kwa moja kwa Sagittarius A*. Makundi ya waigaji yakakimbilia kompyuta. Wengi walionyesha wingu likivutwa kama tambi, likichanika, na shimo likiwaka kwa mlo mpya. Darubini zikaelekezwa. Mwaka 2014 wingu likapita.

Shimo halikuwaka. G2 ikatoka upande wa pili bado ni kitu kimoja.

Kosa halikuwa la kanuni za mvutano, bali la dhana iliyotiwa mwanzoni, kwamba G2 ni gesi tupu. Kundi la Ghez likapendekeza kuwa ndani ya wingu imejificha nyota iliyofunikwa vumbi, na uzito wake ndio ulioishikilia gesi. Mpishi akitia chumvi badala ya sukari, moto haulaumiwi. Kati ya rekodi zote hizi, hii ndiyo inayofundisha wanafunzi wengi zaidi, kwa sababu mfano ulikosea hadharani na kosa lake likaonyesha mahali pa kuangalia.

11. Kitumbua cha mbali zaidi

Tarehe 12 Mei 2022 ilitolewa picha ya kwanza ya Sagittarius A* yenyewe, kutokana na data za Aprili 2017. Pete yake angani ni ndogo kama kitumbua kilichowekwa juu ya Mwezi, wewe ukikitazama kutoka Kilwa. Darubini nane, kuanzia Hawaii hadi Ncha ya Kusini, ziliunganishwa zifanye kazi kama darubini moja yenye upana wa Dunia.

Shimo la galaksi M87, lililotangulia kupigwa picha mwaka 2019, lina uzito wa Jua bilioni 6.5, na gesi yake huchukua siku hadi wiki kulizunguka. Ya Sagittarius A* inazunguka kwa dakika. Ni kama kumpiga picha ya pasipoti mtoto wa miaka miwili. Ndiyo maana picha hizi hazisomeki bila maktaba ya uigaji: kwa M87 peke yake, mifano 43 ilitoa picha za kubuni karibu 60,000 za kulinganisha. Kwa Sagittarius A* maktaba ilikuwa kubwa zaidi, lakini hakuna mfano uliofaulu mitihani yote. Mingi ilitikisika kuliko shimo lenyewe linavyotikisika.

Rekodi nyingine imejificha humo humo. Kati ya darubini nane zile, hakuna iliyokuwa Afrika. Bara zima ni pengo katikati ya kioo, na darubini inayopangwa Namibia ndiyo itakayoliziba.

12. Mteremko mrefu kuliko wote

Kwa muda mrefu waigaji waligawana kazi kama mafundi wa nyumba wasioonana. Mmoja anaiga galaksi nzima na kuchora shimo kama nukta, mwingine anaiga ukingo wa shimo na kuifanya galaksi kuwa bomba la gesi. Mwaka 2024 Philip Hopkins wa Caltech na wenzake walichapisha uigaji uliounganisha ghorofa zote. Unaanza na sehemu ya ulimwengu yenye upana wa miaka ya nuru zaidi ya milioni 300, unashuka kwenye galaksi, kwenye kitovu chake, mpaka pungufu ya mara 100 ya umbali wa Dunia na Jua kutoka kwenye shimo. Tofauti kati ya kipimo kikubwa na kidogo ni mara bilioni 200. Ni kama ramani moja ionyeshe punje ya mchanga wa Kilwa yenye milimita moja, na ionyeshe pia safari ya kuizunguka Dunia mara tano.

Humo walifuatilia swali gumu: gesi nyingi inapoteremka, mbona haigeuki nyota zote njiani? Kule juu, mivutano kati ya nyota na gesi ndiyo inayoisukuma gesi ndani. Chini, karibu na shimo, nguvu za sumaku zinakuwa kubwa kiasi cha kuinyima gesi nafasi ya kujikusanya kuwa nyota, na hivyo inaendelea kuteremka. Shimo la mfano huo lilipokea gesi ya Jua 10 hadi 100 kwa mwaka. Na sahani ya gesi iliyotarajiwa kuwa nyembamba kama chapati ikavimba kama andazi, imeinuliwa na sumaku.

13. Nyota nyingi zaidi, moja moja

Katika uigaji wa galaksi kubwa, "nyota" moja ya kompyuta kwa kawaida imebeba uzito wa Jua mia au zaidi, kama debe moja linavyowakilisha punje za mchele. Novemba 2025 Keiya Hirashima wa RIKEN, Japani, na wenzake walitangaza uigaji wa galaksi kama yetu wenye nyota zaidi ya bilioni 100, kila moja peke yake. Kikwazo cha zamani kilikuwa nyota zinazolipuka: mlipuko mmoja huilazimisha kompyuta nzima itembee kwa hatua fupifupi. Wao walizoeza akili bandia kujua gesi itakavyotawanyika miaka 100,000 baada ya mlipuko, ili kompyuta iruke hatua hizo. Miaka milioni moja ya galaksi ikapita kwa saa 2.78, badala ya 315.

14. Majumba makubwa zaidi

Husuni Kubwa, jumba ambalo Sultani al-Hasan bin Sulaiman alilijenga Kilwa Kisiwani mwanzoni mwa karne ya 14, lina vyumba zaidi ya mia. Juu na chini ya kitovu cha galaksi kuna majumba mawili ya gesi ya moto, viputo vya Fermi vilivyogunduliwa mwaka 2010, kila kimoja kikipanda miaka ya nuru 25,000. Nani aliyejenga? Mwaka 2022 Karen Yang na wenzake waliiga mlipuko mmoja wa shimo jeusi, ulioanza miaka milioni 2.6 iliyopita na kudumu miaka 100,000 hivi, na mfano ukafanana na tunachokiona. Wakati huo nyayo za mababu wa binadamu huko Laetoli zilikuwa zimekwisha kukauka kwenye majivu zaidi ya miaka milioni moja kabla.

15. Mfano mrefu zaidi kutoka Lindi

Rekodi ya mwisho haina kompyuta. Kati ya 1909 na 1913, mamia ya vibarua, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani kwa niaba ya Wajerumani, walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima cha Tendaguru, kisha wapagazi wakaibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipakiwa kwenda Berlin, na madai ya kwamba zirudi bado yanasikika. Kwenye makumbusho ya huko amesimama Giraffatitan, mwenye kimo cha mita 13.27, mrefu kuliko mifupa yote ya dinosaria iliyosimamishwa duniani.

Aliyesimama pale ni mfano. Mifupa imetoka kwa wanyama zaidi ya mmoja, na iliyokosekana ikafinyangwa. Aliposimamishwa mara ya kwanza mwaka 1937, mkia uliburuta chini na miguu ya mbele ilipindwa viwikoni kama ya mjusi. Ujuzi ulipoongezeka, wakamvunja kiungo kwa kiungo, na mwaka 2007 akasimama upya: miguu imenyooka, mkia umeinuliwa. Mifupa ni ileile ya Lindi. Kilichobadilika ni dhana ya waliompanga. Ndivyo ilivyokuwa kwa G2, na ndivyo itakavyokuwa kwa mifano ya Sagittarius A* iliyofeli mtihani wa kutulia.

Usiku wa giza la Julai, wavuvi wa dagaa hungoja mbalamwezi ipotee ndipo watoke, maana dagaa hafuati taa palipo na Mwezi. Giza wanalolitaka wao ndilo analolitaka mwanafalaki. Kabla taa hazijawashwa, chombo kikiwa bado kinaelekea nje, Kausi huwa imesimama juu yao, buli na mvuke wake. Kisha karabai inawashwa, mwanga wake unabaki robo kila umbali unapozidi mara mbili, na zile nyota zinafichika mpaka wakati wa kurudi.